Baba na Mashine ya Kukatia Picha

Damu ya baba ilidondokea shavu la jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa azikwe kesho yake. Ilikuwa picha tu, lakini nilipiga kelele kana kwamba marehemu ameamka. Baba alikuwa amekaa mezani sebuleni kwetu Nateete, mbele yake kipande cha kioo, rula ya chuma na wembe, kama nilivyomwona akikaa miaka yote, akikata picha ndogo za kuvaliwa mazishini. Mkono ukaruka, wembe ukapanda juu ya rula, ukamkata kidole gumba. Alikitazama kidole, akaitazama picha.

"Hii imeharibika," akasema. "Chapa ingine."

Kidole hakikumshughulisha hata kidogo. Nilikifunga mimi, nikigomba.

Baba alikuwa mpiga picha wa polisi. Alipiga gwaride, magari yaliyopinduka, na sura za wezi, mbele na ubavuni. Alipostaafu tukatoka kambini tukaja Nateete, akanunua printa, na mtaa ukamgundua. Kwetu mtu akifa, ndugu na marafiki hubandika picha yake kifuani kwa pini siku ya kumzika. Vibandani picha hizo huchapwa harakaharaka, sura imejaa mpaka ukingoni, na wafiwa wasioona pa kuchoma pini huchoma popote. Jambo hilo lilimuudhi baba kuliko wezi wote aliowapiga picha. Yeye huacha ukanda mweupe juu ya kichwa, upana wa kidole, ili pini ipite kwenye karatasi na siyo kwenye mtu.

"Huyu amekufa mara moja," husema. "Msimchome tena kwa kichwa."

Mtetemo wa mkono ulianza kidogokidogo, kwanza kwenye kikombe cha chai, halafu kwenye vifungo vya shati. Daktari wa hospitali ya Mengo alisema ugonjwa wenyewe hauponi, dawa huupunguza mwendo tu. Baba alisikiliza kwa adabu, akamuuliza daktari ni nani aliyemkatia picha ya kitambulisho alichovaa shingoni, maana ilikuwa imekwenda upande.

Siku ya kile kidole, kaka yangu alikuja kutusalimia. Naye ni polisi, na anaamini hakuna jambo lisiloweza kumalizwa kwa amri. Alipoona kitambaa chenye damu alitangaza kwamba kazi ya kukata picha imekwisha. Vijana wenye kompyuta wako kila kona. Mzee apumzike.

Baba alimwacha amalize. "Yangu bado," akasema.

"Yako gani, mzee?"

"Picha yangu. Ya siku yangu. Hiyo nitakata mimi mwenyewe, kabla mkono haijakataa kabisa."

Kaka alisimama. Alisema hayo ni maneno ya kujiitia kifo, na kwamba katika nyumba ya watu wenye akili hayasemwi. Baba akajibu kuwa kifo hakiitwi, kina miguu yake. Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele, na hakuinua uso. Mama ni Mnubi wa Bombo, Mwislamu. Baba ni Mkristo wa kaskazini. Walikutana kambini, wakaoana bila kumwomba yeyote abadili dini, na sisi watoto tukala Idi na Krismasi bila kubagua sahani. Nilimtazama nikitumaini atasema neno, kwa sababu akisema mama, baba husikia. Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Siku ile nilimkasirikia kaka, kwani kumkasirikia ndugu ni rahisi kuliko kuukasirikia ugonjwa. Nikasema hakuna anayepumzishwa. Zipo mashine za kukatia picha, na mimi na baba tutakwenda kutafuta moja inayouweza mkono wake.

Tulikwenda Nasser Road, mtaa wanakochapa kila kitu, kadi za harusi, vitabu vya risiti, sura za wanasiasa kubwa kuliko milango. Baba alivaa koti. Alikuwa ameshaamua njiani kwamba anataka ile mashine ya mkono, yenye wembe mrefu unaoinuliwa na kushushwa kama panga, maana ndiyo aliyokuwa nayo katika chumba cha giza cha polisi, cha kusafishia picha, na ufunguo wa chumba hicho aliushika yeye peke yake. Alipoiona kwenye duka la kwanza, uso wake ulirudi ujanani. Nikaona tumekwisha.

Mwenye duka, mwanamke Mganda mwenye sauti ya upole, alimpa karatasi nzito ya kalenda ya zamani ajaribu. Baba ana njia yake ya kupima mashine. Hukata karatasi katikati, halafu anageuza kipande kimoja kichwa chini na kukilaza ubavuni mwa mwenzake. Kingo zikilala pamoja, mashine inakata sawa. Ukiona mwanya wa pembe tatu, mashine inadanganya. Akaweka karatasi. Mkono wa kulia ukashika mpini, ukaanza ngoma yake. Mkono wa kushoto, uliokuwa umeshikilia karatasi, nao ukaambukizwa, vidole vikawa vinatambaa kuelekea chini ya wembe, na baba hakuviona kwa sababu alikuwa anatazama mstari.

Mwenye duka aliudaka ule mkono. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo tu.

"Bambi, taata," alisema, yaani pole, baba, bado amemshika. "Hii ni kali sana. Hii itakula vidole."

"Mimi nimetumia hii kabla wewe hujazaliwa," baba akasema.

"Najua, ssebo," akasema kwa heshima. " Lakini leo hapana."

Baba akautoa mkono wake taratibu, akauficha mfukoni mwa koti. Nilimwonea huruma. Mtu aliyeshika ufunguo wa chumba chake anaambiwa leo hapana, tena kwa upole, na anajua kuwa aliyemwambia ana haki.

Mwenye duka akaleta ya pili, ndogo, ya plastiki, nyepesi kama sahani ya sherehe. Baba aliikata karatasi moja, akageuza kipande, mwanya ukajitokeza mpana. Aliisukuma tu ile mashine pembeni kwa kidole kimoja. Nilifurahi kuona dharau yake imepona.

Ya tatu ilikuwa na kitako cha chuma kilichochorwa mistari ya vipimo, na juu yake reli. Kwenye reli kulikuwa na kichwa kidogo kinachoteleza, na ndani ya kichwa hicho gurudumu la wembe lililofichwa kiasi kwamba hata ukitaka kujikata utahangaika. Ukiibonyeza reli, inaibana karatasi isiende popote. Mwenye duka alieleza kwamba haikati karatasi nyingi kwa mpigo, lakini kwa picha ni nzuri, haimegi ukingo.

"Hii ni kitu ya watoto," baba akasema, akaurudisha mkono mfukoni.

"Jaribu."

"Nimesema ni ya watoto. Twende."

Hapo nikamjibu kwa sauti ambayo mtu haitumii kwa baba yake, tena mbele za watu. Nilimwambia kama anataka kuzikwa na picha iliyokatwa na kijana wa kibandani, sura mpaka ukingoni, pini kwenye paji la uso, basi twende, na mimi mwenyewe nitaichoma hiyo pini. Mwenye duka akageuka akaanza kupanga bahasha zilizokuwa zimepangwa. Baba akautoa mkono mfukoni.

Mkono ulitetemeka mpaka ulipokifikia kile kichwa cha wembe. Ulitetemeka pia baada ya kukishika, lakini reli haikujali. Alikisukuma, na mtetemo wote ukabaki juu, kiganjani, huku chini gurudumu likienda zake. Karatasi ikaachana bila kelele. Baba akageuza kipande kimoja, akakilaza kando ya mwenzake, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa meza. Hakukuwa na mwanya. Akapitisha ukucha kwenye ukingo.

"Leta karatasi ingine," akasema.

Alikata ile nyingine. Akaomba tena. Alikata kalenda nzima ya yule mwanamke, mwezi baada ya mwezi, mpaka vipande vikaanguka chini, na kila mara alikuwa anageuza na kupima kama hajawahi kuona mstari ulionyooka. Mwenye duka alicheka, akasema mzee sasa atakata na duka. Mimi sikucheka, niliogopa nikicheka nitalia.

Nyumbani tukagundua ambalo dukani hatukuliona. Kukata aliweza, kuiweka picha juu ya mstari kabla ya kubonyeza reli ndiko kulikomshinda, picha ilimtoroka vidoleni. Kanuni yake siku zote ilikuwa kwamba picha ya marehemu hukatwa na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho. Alifikiri. Kisha akasema kanuni ni ya kukata, na kushika siyo kukata, kwa hiyo mimi nishike. Hata mahakimu hawapindi sheria kwa ustadi huo.

Picha yake aliipiga karibu na dirisha la sebuleni, amevaa lile koti, na mama ndiye aliyebonyeza kitufe cha kamera. Hakutabasamu. Mama alisema anaonekana kama anataka kumkamata mtu. Nikazichapa nne kwenye karatasi moja kama alivyoniagiza, ukanda mweupe juu ya kila kichwa, tukaweka mashine mezani. Kaka alikuwepo, alisema amepita tu, lakini alikaa.

"Sukuma kidogo kushoto, mama," baba aliniambia. Huniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Kidogo! Sasa umetoka mjini umefika Masaka. Rudi. Hapo. Usipumue."

Nikabonyeza reli. Mkono wake ukaja, unatetemeka vibaya kuliko dukani, kwa kuwa alikuwa na hofu, na hofu huukaza ule ugonjwa. Akakishika kichwa cha wembe, akasukuma. Akasukuma tena upande wa pili, na wa tatu, na wa nne, halafu katikati. Mwisho zikawa picha zake nne, kila moja imesimama peke yake, na baba akaziona zimenyooka. Aliegemea kiti, akafumba macho. "Basi," akasema. "Sasa niko tayari."

Kaka akaguna kama mtu aliyepigwa ngumi, akageukia ukutani.

Mama aliinuka kwenye mkeka, akaja mezani, akanyoosha mkono.

"Nipe yangu."

"Hii ni ya siku ile," baba akasema.

"Afande," mama akasema. Amemwita hivyo tangu kambini, akitania, lakini sasa hakutania. "Siku ile watu ya kwenu watakuja na gari, watakupeleka kwenu, na padri, na nyimbo. Mimi watanisukuma nyuma. Na kwa dini yangu mimi sivai picha ya maiti. Siku ile sitavaa. Leo wewe iko hai, na hakuna mtu ya kunisukuma. Nipe."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Miaka yote nilikula Idi na Krismasi nikidhani mambo yamekwisha kugawanywa, kumbe mama alikuwa anachambua mchele huku anajua siku moja atasimama wapi.

Baba alichukua picha moja na pini. Alisimama mbele yake kumvika mwenyewe kwenye mtandio. Pini ilikwenda kulia, ikaenda kushoto, ikakosa ule ukanda mweupe, ikaanguka, nikaiokota. Nilitaka kusaidia, mama akanikata jicho. Alisimama wima kabisa, kidevu juu, kama askari anayepewa nishani, na hakuutazama mkono wa baba hata mara moja, alikuwa anamtazama yeye usoni. Ilichukua muda. Pini ikapita kwenye karatasi, ikashika.

"Imekaa sawa?" mama akauliza.

"Sawa kabisa."

Akachukua kapu lake akatoka kwenda soko la Nateete, na sura ya baba kifuani, inataka kumkamata mtu.

Alirudi na kapu limejaa kuliko kawaida. Akalimwaga mezani, nyanya zikabingirika mpaka kwenye mashine.

"Kila mtu ananiambia kitalo nnyo," akasema. "Wananishika mkono, pole, mama, mzee alikuwa mtu mzuri. Ile mwanamke ya nyanya amelia. Amenipa bure hizi zote."

"Na wewe umesema nini?" baba akauliza.

"Nimesema asante."

Baba alimtazama, akaitazama picha yake juu ya mtandio, akazitazama nyanya.

"Kesho vaa tena," akasema. "Vitunguu vimekwisha."

Mama alicheka mpaka akashika meza, na baba akacheka kwa kumwona yeye, mkono unaruka juu ya nyanya bila mtu kuujali. Kaka alichukua picha moja kati ya zilizobaki, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo, akatoka nje. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na mama akampa nyanya akaoshe.