Sauti Niliyoifuta Kwenye Albamu ya Pili

Tulikuwa watu wanne tukipiga hevi metali Bagamoyo, na majirani wengi walidhani tumepatwa na jambo. Mimi nilipiga dramu, na kompyuta ya kurekodia ilikaa kwangu. Mwimbaji wetu alitoka Fukayosi, mtoto wa mwalimu wa madrasa. Kwenye albamu ya kwanza alinguruma mwanzo hadi mwisho. Mama yake alipoisikiliza alisema, "Huyu si mwanangu. Huyu ni simba." Tulicheka siku nzima.

Albamu ya pili ilituchukua karibu miaka miwili. Tulirekodi chumbani kwangu, magodoro yameegemezwa ukutani, feni imezimwa ili isisikike kwenye maikrofoni. Wimbo mmoja ulikuwa wa polepole. Aliutunga mwenyewe, juu ya mtoto anayeamia mpunga, kazi yake kufukuza ndege tangu alfajiri. Huo hakuunguruma. Aliuimba kwa sauti yake ya kawaida, nyembamba kidogo, na alipomaliza sisi watatu hatukuweza kutazamana.

Kabla hatujaitoa albamu, baba yake akafariki. Wazee wakamtaka ashike madrasa. Baada ya arobaini akaja kwangu, akakaa kwenye kiti cha dramu.

"Ile ya kwanza imeshatoka, siwezi kuirudisha," alisema. "Kwenye hii, futa sauti yangu."

"Nyimbo zote?"

"Zote. Na usibakishe nakala. Niahidi."

Nikaahidi, lakini nilimwambia anatutupa. Nikaongeza maneno mengine ambayo leo nayaonea haya. Yeye akasema, "Nisamehe, ndugu yangu." Alipoondoka tu, niliifuta sauti yake wimbo mmoja baada ya mwingine. Wenzangu husema nilitimiza ahadi. Ukweli ni kwamba nilifuta kwa hasira.

Mpiga gitaa akaziimba upya, albamu ikatoka, wakaisikiliza watu wachache. Na rafiki yangu hatukuonana tena. Mwaka uliofuata alikuwa anatoka Msata kwa pikipiki, akagongwa na lori. Nilipofika Fukayosi alikuwa amekwishazikwa.

Wiki kadhaa baadaye nilirudi kumwona mama yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanimiminia chai.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa unamrekodi," alisema. "Hakuna mahali alipoimba kama mtu? Simu yake ilisagika palepale. Nataka kumsikia tu."

Nilimweleza yote, hata ile hasira. Akaweka kikombe chake chini.

"Basi alikuomba mwenyewe," alisema. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba.

Kisha akauliza kama katika nyimbo hizo pana alioutunga yeye. Nikamwekea ule wa mpunga kwenye simu, sauti ikiwa ya mpiga gitaa. Aliusikiliza kidogo tu.

"Maneno ni yake?"

"Ni yake, mama."

"Basi zima huo muziki, unisomee."

Nikasoma polepole. Nilipofika pale mtoto anaposema yuko peke yake shambani, hakuna anayemwona, alinikatiza.

"Mbona nilikuwa namwona," alisema. "Toka jikoni, kila siku. Hakujua?"

Nikasoma mpaka mwisho. Akaniomba nimwandikie. Nikaandika kwenye karatasi ya daftari la madrasa, kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yake, naye akakaa kando yangu akifuata kalamu.