Kidonda cha Mzee Wembe

Mzee Wembe alikuwa kinyozi, lakini jina hilo wateja walimpa kwa ajili ya ulimi wake. Hakuwa mtu wa kuamini upesi. Ukimwambia maji yamepoa, atatia kidole kwanza. Kidonda kilipomtoka chini ya unyayo, kwa kisukari na kusimama kutwa, alikificha mpaka mkewe alipoona damu kwenye soksi.

Mkewe akampeleka kliniki. Daktari mmoja mwanamke, mtafiti, akamweleza kwamba wanajaribu dawa mpya ya kupaka. Imetokana na mti, kisha imefungwa ndani ya vichembe vidogo visivyoonekana kwa macho, ili ipenye mpaka ndani ya nyama, pale ambapo kidonda cha kisukari hugoma kupona. Kushiriki ni hiari, na kujitoa ni siku yoyote.

Mzee Wembe alisikia neno moja tu: wanajaribu. Kaka yake aliingia hospitali na kidole kibovu, akatoka bila mguu. Alikubali kwa sababu mkewe alimkazia macho, lakini moyoni alijiambia, hawa wanautaka mguu wangu.

Basi kila asubuhi alijifungia bafuni, akaiminya dawa yote kwenye shimo la maji machafu, kisha akapaka majani ya mwarobaini aliyoyatwanga mwenyewe. Unyayo aliutazama kwa kile kioo anachowaonyeshea wateja kisogo. Siku akiona kidonda kimepanuka, alilaumu taa.

Kumbe muuguzi aliyekuwa akimfunga bandeji naye alikuwa na shaka zake. Tyubu za dawa zilirudi tupu, ilhali kidonda kilizidi kunuka na kidole cha mwisho kilianza kuwa cheusi. Siku alipokuta kipande cha jani ndani ya bandeji, alikiweka kando. Alikwenda kumwita daktari.

Daktari akafunga mlango, akavuta kiti.

"Baba, dawa yetu unaipaka wapi?"

"Mguuni."

"Mguu upi?"

Mzee Wembe akatazama dirishani, kisha akakiri yote. Daktari alipouliza ni majani gani, akamtajia. Daktari akashusha pumzi. Dawa iliyokuwa ikimwagwa bafuni, alisema, ilitoka kwenye mti huohuo.

"Basi si bora yangu, mabichi?"

"Yako yanabisha hodi tu, baba, tena yamebeba uchafu. Vichembe vyetu vinaibeba dawa mpaka ndani."

"Una hakika vinaingia?"

"Kwa panya tumeona. Kwa watu bado tunatafuta."

Mzee Wembe akaacha dirisha, akamtazama usoni. Alikuwa amejiandaa kusikia viapo.

Kidole hakikuokolewa. Alipozinduka baada ya upasuaji, alipeleka mkono chini ya shuka, akaupapasa mguu mpaka akaridhika kwamba upo. Daktari alimtoa kwenye hesabu ya utafiti, kwa kuwa alikwisha kuuharibu, ila akamwombea ruhusa kwa wakubwa zake aendelee kupakwa dawa palepale kliniki, mbele ya muuguzi. Mzee Wembe aliinusa kila mara kabla haijamgusa. Muuguzi alimwachia anuse, akamgeuzia mgongo kuficha kicheko.

Kidonda kikajaa taratibu kutoka chini, nyama nyekundu, safi, hadi ngozi ikakutana. Mkewe aliisifu dawa. Daktari akasema huenda ni dawa, huenda ni kusafishwa vizuri na kupumzisha mguu. Kwa unyayo mmoja hawezi kuapa. Njiani kurudi nyumbani, Mzee Wembe alimwambia mkewe kwamba hajawahi kuona muuzaji anayekataa sifa ya bidhaa yake, na kwamba jambo hilo nalo atalichunguza.

Alirudi kazini, sasa akinyoa ameketi kwenye stuli ndefu. Siku moja mteja mwenye kisukari akamuuliza kama watu wa kliniki ile ni wa kuaminika.

"Waulize ni kipi wasichokijua," alisema, akimwinamisha kichwa. "Wakikutajia, kaa."