Dereva wa Harusi na Mazishi Anayeona Haya Kula Mbele za Watu

Abiria wote wameshuka. Basi dogo limeegeshwa kando ya kituo cha mafuta mjini Chuka, na akina mama wa kanisa moja la Kianjai, wenye vitambaa vya kichwa vya rangi moja, wanavuka barabara kwenda hotelini kunywa chai. Wanaelekea harusini Gachoka, na safari bado ni ndefu.

Dereva wao hashuki. Anangoja mama wa mwisho avuke, kisha anavuta mkebe mdogo wa plastiki kutoka chini ya kiti. Ndani mna yai moja la kuchemsha, ndengu zilizopondwa na kipande cha parachichi. Anageukia dirisha lisilotazamana na hoteli na kuanza kula kwa kijiko cha chai.

Anatafuna polepole sana. Mama mmoja anaporudi kuchukua mkoba aliousahau, dereva anaufunika mkebe kwa haraka na kushika usukani kana kwamba anaukagua.

"Umeona nilivyofanya?" anasema dereva, mama huyo akishaenda. "Mtu mzima, baba wa watoto wanne, najificha na yai."

Dereva huyo ni Kiunga Mwirigi, mwenye umri wa miaka arobaini na saba. Kazi yake ni kuendesha basi la kukodiwa: leo harusi, kesho mazishi, Jumapili kwaya. Kutoka Kianjai, Tigania Magharibi, amefika karibu kila soko la Meru na Embu. Miaka miwili iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Madaktari walikata sehemu kubwa ya tumbo lake la chakula wakaacha kipande chembamba, ambacho yeye hukionyesha kwa kunyoosha vidole viwili.

Kabla ya hapo alikuwa na uzito wa kilo mia moja sabini na moja. Anasema unene wake aliupata barabarani. Dereva wa sherehe hupakuliwa wa kwanza na huongezwa bila kuuliza, na mwenye karamu huona fahari dereva akiondoka ameshiba. Jumamosi moja angeweza kula wali na nyama Runyenjes, mukimo wa viazi na mahindi Nkubu, kisha soda mbili njiani ili asisinzie.

"Nilikuwa nikisifiwa," anakumbuka. "Walikuwa wanasema, huyu ndiye dereva, si wale wa kudonoa. Na mimi nikiambiwa hivyo naongeza sahani."

Tumbo lilipoanza kugusa usukani, mwenye basi alisogeza kiti nyuma. Baadaye kiti hakikuweza kusogea tena. Kwenye kizuizi kimoja cha polisi karibu na Embu aliamriwa afunge mkanda, nao haukufika. Askari alijaribu kuuvuta mwenyewe. Abiria, ambao walikuwa wakitoka kwenye sherehe ya kulipa mahari, walicheka hadi mzee mmoja akawanyamazisha. Kiunga alicheka nao. Anasema alipofika nyumbani alikaa ndani ya basi, akashindwa kushuka mpaka mkewe, Ciakuthii, alipotoka kumtafuta.

Lakini si kicheko kilichompeleka hospitali. Ni usingizi. Mwili ule mkubwa ulikuwa ukimkaba koo usiku, kwa hiyo mchana alisinzia. Alasiri moja, akiteremka kuelekea daraja la Thuci na kwaya nzima nyuma yake, alifumba macho. Aliamshwa na sauti ya mawe chini ya magurudumu. Waimbaji hawakujua kilichotokea, waliendelea kuimba.

Dada yake, Angeline, ambaye ni muuguzi ng'ambo, ndiye aliyegharamia upasuaji katika hospitali moja jijini Nairobi. Hilo nalo lilikuwa na uchungu wake. Kijijini kulikuwa na watu waliokosa hata dawa za kisukari, na yeye analipiwa apunguzwe kwa sababu alikula kupita kiasi. Ndivyo alivyojieleza moyoni, ingawa daktari alimwambia kuwa unene huo ni ugonjwa kama mwingine.

Aliporudi hakumwambia mtu. Watu walipoona nguo zinamning'inia, wengine walinong'ona kwamba ana ule ugonjwa. Aliona heri wanong'one hivyo kuliko wajue ukweli.

Daktari alikuwa amempa masharti ambayo mtu anayekula kwake huyafuata bila shida. Aanze na mayai, maharagwe au nyama laini kabla ya wali na viazi. Atafune mpaka kila kitu kiwe uji. Asinywe kitu wakati wa kula, bali asubiri kidogo. Asiguse soda. Atosheke na chakula cha kujaa kiganja, na asimeze kwa pupa.

"Nyumbani ni rahisi, Ciakuthii anajua," anasema. "Barabarani mimi si wa kwangu. Mimi ni mgeni wa watu."

Safari yake ya kwanza baada ya kupona ilikuwa harusi huko Nkubu. Aliletewa sahani iliyojaa na glasi ya juisi, na mama wa bwana harusi akasimama pale pale kuona kama anaipenda. Kiunga alikula kama zamani. Haukupita muda moyo ukaanza kumwenda mbio, jasho likamlowesha shati, na mikono ikatetemeka. Alijikongoja hadi nyuma ya basi, akatapika na kulala kwenye nyasi. Wageni wakasema dereva amelewa. Mtu alimpigia simu mwenye basi, naye akatuma dereva mwingine.

Hapo angeweza kueleza. Badala yake alikubali kuomba msamaha kwa ulevi ambao hakuwa nao, akaonywa kwamba akirudia atafutwa kazi.

Tangu siku hiyo alibuni ujanja. Akipewa sahani, alishukuru, akasema anakwenda kulia karibu na basi kwa sababu ya usalama wa mizigo, kisha akamimina chakula kwenye mfuko wa karatasi. Alitafuta mahali pa kuutupa, ndipo akala cha kwake kwa siri. Miezi ilipita bila mtu kugundua.

Ujanja huo uligunduliwa Karurumo, upande wa Embu.

Alikuwa amewabeba watu wa Meru kwenda kumzika mkwe wao, mkulima aliyeacha mjane aitwaye Ruguru na binti mmoja, Wambura. Mvua ilikuwa imekataa kunyesha msimu huo na chakula hakikuwa kingi. Baada ya mazishi wageni walipanga foleni, na sufuria ya nyama ikaisha kabla ya wote kupata. Kiunga alikuwa amekaa kando, akitumaini kusahauliwa.

Ruguru hakumsahau. Alitoka jikoni akiwa bado na kitambaa cheusi kichwani, akamletea sahani ya wali na vipande vinne vya nyama vilivyokuwa vimewekwa kwa ajili ya nyumba yake. Alimwambia kwamba mtu aliyewaletea wakwe salama hawezi kuondoka boma hilo na njaa. Kiunga aliipokea kwa mikono miwili.

Akaenda nyuma ya basi. Akamimina. Akautupa mfuko ndani ya migomba, ng'ambo ya ua.

Wageni walikuwa wakiaga, ndipo mbwa wa pale nyumbani wakatokea wakigombania mfuko. Waliuburura mpaka katikati ya uwanja, ukapasuka. Wali ulimwagika mbele ya watu, na ile nyama, nzima, haijaguswa. Gladwell, mama aliyekuwa akisimamia jikoni, aliitambua mara moja kwa sababu ni yeye aliyeikata. Alisema kwa sauti, bila kumtazama mtu, kwamba hiyo ni sahani ya dereva.

Watu wakamgeukia. Kiunga anasema hakusikia tena kitu isipokuwa mbwa.

Ruguru aliwafukuza mbwa, akachuchumaa, akaanza kuokota nyama ile kipande kwa kipande na kuiweka kwenye upande wa leso yake. Kisha akasimama mbele yake.

"Kama chakula chetu hakikutoshi hadhi, si ungeniambia tu?" alimwambia. "Mtoto wangu hajaonja nyama leo."

Kiunga aliingia kwenye basi, akawasha injini, akawarudisha watu Kianjai. Hakuna aliyezungumza naye njia nzima. Mzee mmoja aliyezoea kuketi kiti cha mbele alihamia nyuma.

Kwa majuma yaliyofuata alikataa safari za upande wa Embu akisingizia mgongo. Alikuwa akila kidogo hata kuliko alivyoagizwa, na kila alipoona nyama aliwaona wale mbwa. Mwishowe Ciakuthii alimwambia kwamba ameuficha upasuaji kama mtu aliyeiba, na kwamba kuuficha ndiko kulikomfanya amwibie mjane. Kiunga anakiri kuwa maneno hayo yalimkasirisha. Alikwenda hata hivyo.

Alifika Karurumo peke yake asubuhi ya siku ya kazi, na mkono wa ndizi begani. Ruguru alikuwa akipalilia. Hakumkaribisha kuketi. Kiunga alianza kueleza, maneno yakamkwama, basi akapandisha shati na kumwonyesha makovu madogo tumboni. Akamwambia yote: mkanda usiofika, daraja, hospitali, harusi ya Nkubu, mifuko ya karatasi.

Ruguru alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Aliuliza jambo moja tu, kwa nini hakusema siku ile.

"Niliogopa mtanicheka," Kiunga alimjibu.

"Ndugu yangu, mimi nilikuwa nimetoka kaburini," akasema Ruguru. "Ningekucheka na mdomo gani?"

Kiunga anaposimulia hapa anasugua usukani kwa kiganja. Anasema katika kicheko chote alichowahi kuchekwa, hakuna kilichomwingia kama swali hilo. Alikuwa amejifikiria yeye tu, katika boma ambalo halikuwa na nafasi ya kumfikiria yeye.

Mjane huyo hakumwambia amemsamehe. Aliingia ndani, akarudi na kikombe cha maziwa lala yasiyo na sukari na ndengu kidogo kwenye kisahani, akamwuliza kama hivyo vinaweza kukaa tumboni. Kiunga akala ndengu kwanza, taratibu, kijiko baada ya kijiko, huku Ruguru akimtazama mpaka alipomaliza. Maziwa aliyaacha mpaka baadaye, na Ruguru alingoja pamoja naye bila kuuliza sababu.

Akizungumza kwa simu, Ruguru anasema jambo lile bado humuuma akilikumbuka. "Lakini alikuja mwenyewe," anaongeza. "Hakutuma mtu."

Kiunga sasa hatupi chakula. Akifika kwenye sherehe humtafuta msimamizi wa jikoni mapema, humwambia kwa sauti ya chini kwamba alifanyiwa upasuaji, na huomba yai au maharagwe kidogo kwenye kisahani. Wengi huelewa. Wengine humwambia asijidekeze, mwanamume hali kama ndege. Siku akikosa ujasiri, kama leo, hula kwenye basi kabla ya kufika. Mwenye basi ameshaambiwa ukweli, naye alicheka kidogo kisha akasema angejua asingemwita mlevi.

Akina mama wanarudi kutoka hotelini, mmoja wao akiwa na chapati mbili zilizofungwa kwenye gazeti. Anampa Kiunga kupitia dirishani, kwa upole, akimwita mwanangu. Kiunga anazishika. Kisha anamrudishia na kumweleza kwa maneno machache kwamba tumbo lake lilikatwa na chapati humkwama, na kwamba anashukuru sana.

Mama huyo anampa pole, anapanda. Ndani ya basi minong'ono inaanza kupita kutoka kiti hadi kiti. Masikio ya Kiunga yamewaka, lakini hageuki nyuma.

Mwezi ujao familia ya Ruguru itafanya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu mazishi, na Wambura amempigia simu kumwomba awalete tena watu wa Meru. Kiunga amekubali. Anapanga siku hiyo kuliacha basi barabarani na kuingia ndani kuketi mezani na wageni, wakiwemo wale waliomwona siku ya mbwa.

"Nataka mama yule anipakulie mwenyewe, kiasi ninachoweza, nikimalize mbele ya watu wote," anasema akiwasha injini. "Najua nitaona haya. Lakini sitainuka."