Maziwa ya Mama Naomi

Wewe unayesoma hii, ulishakatazwa maziwa ya jirani kabla hata hujajua kuandika jina lako? Mimi, ndiyo.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Shively, huku ughaibuni, kwenye apartment zilizojaa Wakongo. Juu yetu alikaa Mama Naomi, mtu wa milimani, wale watu wa kabila la kufuga ng'ombe. Kanisa letu moja, kwaya moja, lakini chini chini watu walisema: wale wana sumu, wanaificha ndani ya ukucha. Donc sheria ya Kivu ilivuka bahari pamoja nasi: anayekuletea kinywaji aonje kwanza, umwone akimeza.

Nyanya, mama yake mama, alikuwa mgonjwa, chakula kimemshinda. Asubuhi moja akasema anatamani maziwa ya mgando kama ya nyumbani. Mama Naomi akasikia, akashuka na jagi, ameyagandisha mwenyewe.

Mama akamtolea kikombe. "Onja, Mama Naomi."

"Leo hapana, dada."

"Kidogo tu."

"Siwezi, dada. Mpe mama mzee anywe." Akapanda ngazi.

"Umeona?" mama akaniambia. "Bon. Amejitaja mwenyewe."

"Ma, it's just milk!"

"Nyamaza na Kizungu chako!"

Akayamwaga kwenye sinki. Kutoka kitandani Nyanya akauliza, "Yako wapi? Nasikia harufu yake."

Alikufa wiki ile bila kuyaonja. Na watu wetu, Mungu wangu, wakasema ni yale maziwa yamemuua. Hakunywa? Harufu ilitosha, walisema. Kwenye kilio hakuna aliyepokea sahani mkononi mwa Mama Naomi. Familia yake ikahamia Buffalo, mtaa wa Black Rock.

Ndipo mke wa mchungaji akamnong'oneza mama jikoni kwetu: "Yule alikuwa amefunga. Kufunga kavu, hata maji hapana. Alikuwa anamwombea mama yako. Sisi wazee wa kanisa tulijua, ila maombi ya kufunga hayatangazwi."

Mama alikaa chini, sakafuni.

Mimi sasa niko Reynoldsburg, kando ya Columbus, digrii ukutani, kazi hakuna, muda wa kukumbuka tele. Nikifungua friji, I swear, namsikia Nyanya akiuliza. Na juzi, kwenye harusi hapa Columbus, mama mmoja anamwambia mtoto wake: "Usile kwa wale." Mtoto amezaliwa hapa, ng'ombe anamjua kwenye simu tu!

Wachungaji, wazee wa kanisa: mlijua, mkanyamaza. Kila Jumapili mikrofoni mnayo. Mama Naomi yuko hai. Simameni madhabahuni, mtaje jina lake, mseme alifunga kwa ajili yetu. Semeni akiwa bado anaweza kusikia.