Si Mili, Ni Mili

Kama mmesikia kwamba huko Mabanga kuna mwalimu wa Kifaransa aliyemwaga tangi zima la maji kwa mdomo wake, msiulize ni nani, ni mimi, na aibu yenyewe nimeshaizoea kiasi cha kuisimulia bila kuangalia chini.

Chanzo kilikuwa kidogo. Papa Kambale, baba wa Kavira (Kavira ndiye niliyekuwa nikimposa, na huyo baba alikuwa bado hajasema ndiyo wala hapana, ananitazama tu), ana tangi kubwa la maji ya mvua ambamo mtaa mzima huchota, maana kwetu Goma ukichimba kisima unakutana na jiwe la volkano. Sasa mpangaji wake mmoja aliwahi kupanga magunia ya madini ya koltani kando ya lile tangi, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mawe yale yana miale ya sumu, na miale imeingia majini, na kuna mama aliyesema nywele zake zinakatika kwa ajili hiyo. Wachotaji wakapungua, kisha wakakoma kabisa. Papa Kambale, ambaye heshima yake yote mtaani imesimama juu ya lile tangi, akaomba maji yapimwe.

Siku ya matokeo akaja injinia, dada mmoja wa Kinshasa, mpole, anajua Kifaransa na Kilingala, Kiswahili hapana. Uani palikuwa pamejaa. Papa Kambale akanigeukia mbele ya wote akaniita, "Mwalimu, kuya utufasirie," na mimi nikaelewa kwamba anayepimwa sasa si maji.

Dada akaanza kwa kusema, kwa Kifaransa chake kizuri, kwamba majini ni kama hakuna kitu. Hapo ningetafsiri vilevile alivyosema, watu wangepiga makofi, tungekunywa soda tukaenda nyumbani. Lakini nikawaza, mtu na diploma yake asimame mbele ya baba mkwe aseme "hakuna kitu"? Hata mtoto wa chekechea angeweza! Nikamwomba anipe kipimo kamili. Akanipa: deux cents millibecquerels kwa lita. Akanieleza vizuri pia, sina wa kumlaumu, kwamba bekereli moja ni chembe moja tu kupasuka kwa sekunde moja, kipimo kidogo mno, na ile "milli" ya mbele ni kukigawa tena mara elfu, kwa hiyo mia mbili zake hazifiki hata robo ya bekereli moja.

Nikashika mikro, nikakohoa kidogo (kikohozi cha mwalimu, mnakijua), nikatangaza, "Wapendwa, kila lita ya maji haya ina deux cents mili-bekereli!"

Sasa, sisi wa Goma hesabu tunafanya kwa Kifaransa, hata bibi asiyejua neno jingine la lugha hiyo anajua kwamba mia mbili ni deux cents na elfu ni mille, na hiyo mille midomoni mwetu inakuwa mili, kwa sababu hatupendi neno kuisha bila vokali. Kwa kila sikio lililokuwa pale uani, nilikuwa nimetangaza laki mbili. Laki mbili za nini, hakuna aliyejua, na hilo lilizidi kuharibu mambo.

"Bekereli njo nini?" mama mmoja akauliza.

"Njo tududu," jirani yake akamjibu, yaani vidudu, kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao darasani. "Tududu twa mu mawe."

"Deux cents mille! Mu litre moja! Yezu wangu!"

Mwenye akili angekaa chini. Mimi nikapandisha sauti, "Hapana, bamama, sikilizeni! Si mili, ni mili!"

Nikarudia nikivuta mwisho wa neno, "miliii," na kadiri nilivyovuta ndivyo tududu walivyozidi kuzaliana. Injinia akanishika shati akauliza watu wana nini, nikamjibu kwamba wamefurahi (mpaka leo sijui kwa nini nilisema hivyo). Mtu akafungua bomba la tangi ili sumu itoke, wengine wakalizunguka lisifungwe, na maji ya kiangazi, yale ambayo hayarudi upesi, yakaanza kukimbia juu ya mawe meusi. Papa Kambale alisimama mikono nyuma, akiyatazama yanavyoondoka, na hapo ndipo niliposikia uchungu kwelikweli.

Kavira ndiye aliyefanya kazi niliyopewa mimi. Alikinga kikombe, akampa injinia bila neno, injinia akanywa mpaka tone la mwisho. Watu wakamtazama waone ataanguka upande gani. Hakuanguka. "Kumbe maji iko muzuri," akasema yule yule mama wa tududu, na tangi wakati huo linatoa hewa.

Jioni Papa Kambale akaniita.

"Mwalimu, uko na français mingi."

"Ndiyo, Papa."

"Maji utarudisha."

Nikayarudisha, kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, bidoni kwa bidoni, yaani dumu kwa dumu, kutoka ziwani mpaka Mabanga, hadi mvua zilipoanza kunihurumia. Wapita njia waliniita Bekereli, nami nikawa naitika. Yalipofika kiasi cha kumridhisha mzee, nikajikaza nikauliza habari ya Kavira.

"Mutoto nitakupatia," akasema. "Lakini mbele ya padiri useme ndiyo tu. Usifasirie."

Nimeapa tangu hapo: kitu kikiwa kidogo, nitasema ni kidogo, na diploma ibaki sandukuni. Siku ya harusi padiri aliponiuliza, nilijibu ndiyo, neno moja, wazi, bila kukohoa. Na kwenye benchi la mbele Papa Kambale akanyanyua mkono.

"Padiri, ngojea kwanza. Hii ndiyo yake, iko ndiyo ya namna gani?"