Bei ya gesi niliipandisha mimi, na anayenilisha hajui

Nina miaka themanini na mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, na daktari ameshawaambia wanangu wanirudishe nyumbani. Jina langu liondoeni, mengine yaacheni kama nilivyoandika. Kwetu ni Mwanda, kule milimani, ila nimejenga ploti hapa Voi.

Wapangaji wangu hawanunui mitungi. Nyuma ya ploti kuna tangi kubwa la gesi, mabomba yanaingia kila jikoni, na kila nyumba ina mita yake. Kampuni hunijazia tangi kwa bei yao, mimi nawauzia wapangaji kwa bei yangu. Kuni na makaa nimepiga marufuku, zisichafue kuta.

Nyumba mojawapo anakaa mjane wa marehemu mwanangu, nitamwita Mama Wakesho. Hakutoka kwetu, na sikuwahi kumpenda. Mwanangu alipofariki niliitaka ile nyumba niipangishe, lakini kumfukuza mjane na watoto kungenifanya nisemwe kanisa zima. Bei ya gesi ikipanda, nani atanisema? Yeye alikuwa akichemsha maharagwe na githeri ya kuuza steji ya matatu. Nikabandika tangazo langoni: kutokana na hali ya soko la dunia, kampuni imepandisha bei, na anayepika kwa biashara atalipa maradufu ya wengine. Aliyepika kwa biashara alikuwa yeye peke yake.

Wapangaji walisoma wakacheka. "Mwalimu, hii gesi inachimbwa mwezini?" mmoja akaniuliza. Mama Wakesho hakucheka. Alikuja mpaka mlangoni.

"Baba, maharagwe yanakaa sana motoni. Hao watu wa kampuni huwezi kutuombea kwao?"

"Nimewaomba, wamekataa."

"Na ikishuka?"

"Nitabandika."

Bei ya kampuni ilishuka muda si mrefu. Dereva wa lori la gesi aliniambia mwenyewe. Sikubandika kitu.

Akaanza kupikia nje ya ploti, kwa kuni alizookota ng'ambo ya mashamba ya mkonge. Hapa kila mtu anajua kiangazi ndovu hupita kule. Mimi pia nilijua. Nilimwona akitoka alfajiri na panga na kamba, nikaendelea kunywa chai yangu. Siku moja ndovu alimkuta. Aliokolewa, lakini mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Nilipopewa habari nilisema mbele ya watu, "Kwani nani alimtuma?"

Nilidhani sasa atarudi kwao. Hakurudi. Kisha ugonjwa ukanishika koo. Wanangu wako Mombasa na Nairobi, wananitumia sauti kwa simu. Anayenilisha ni yeye. Anakuja kwa magongo, chupa ya uji ameining'iniza shingoni, anakaa ukingoni mwa kitanda na kunipa kijiko kwa kijiko. Nikitapika ananipangusa. Akichelewa namkaripia.

Juzi mdogo wangu aliteremka kutoka Mwanda tufanye kutasa. Sisi Wadawida, hata tukiwa watu wa kanisa, hilo hatujaliacha. Mwenye hasira na mgonjwa huweka maji kinywani, huitaja hasira yake, kisha huyapuliza nje ili imtoke na mgonjwa apumzike. Zamu ya Mama Wakesho ilipofika, mdogo wangu akamwuliza, "Una lolote na mzee?"

"Na Baba? Sina. Mimi hasira yangu ni moja tu, ya hao watu wa kampuni waliopandisha gesi mpaka nikaenda porini."

"Basi itoe hiyo, hata kama hawapo hapa."

"Hapana, mzee. Hiyo siitoi."

Akapiga funda la maji akalimeza, akaniangalia kwa huruma, akanifunika miguu.

Nikimwambia, uji utakoma, na sina mwingine wa kunipa. Nikinyamaza, nitazikwa na hasira ambayo amekataa kuitema, na mwenyewe hajui imemwangukia nani. Wala sitawadanganya, siulizi kwa ajili ya mguu wake. Naogopa huko ninakokwenda. Bei yenyewe mpaka leo sijaishusha.

Nasikia magongo yake uani. Nishaurini, ndugu zangu. Akishaketi na kuniambia "Baba, fungua mdomo," niufungue nile, au niufungue niseme?