Loretta, Mwokoaji wa Bata Mzinga wa Watu

Saa mbili asubuhi, Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani, siku Wamarekani wanapokula bata mzinga na jamaa zao, Loretta Skogstad anapokea simu ya thelathini na moja. Mwanamume wa Ohio ndiyo kwanza amtoe bata mzinga kwenye friza.

"Mgumu kama tofali," analalamika. "Wageni wanakuja saa nane."

"Mzamishe kwenye maji baridi na nailoni yake, mwanangu, ubadilishe maji kila nusu saa. Saa nane wape pai. Nyama watakula jioni, na usiwaombe radhi."

Loretta, mjane wa miaka 61, ana miaka kumi na saba akijibu simu za wateja waliokwama jikoni, katika kampuni inayouza ndege hawa hapa Minnesota, kwa dola 16 kwa saa. Anayelia kwa pai iliyoungua humwambia kwamba karamu ya kwanza kabisa ya Shukrani, ya mwaka 1621, haikuwa na pai wala viazi vya kuponda. Mtoto akishika simu, humfundisha kwamba dume ndiye mwenye makelele. Jike ana kisauti tu.

"Kama humu ofisini," anadakia Verna wa meza ya jirani, akimtupia jicho msimamizi, Todd.

Zamani, siku hii, wanawake wa humu walipeana zamu ya kurudi nyumbani saa sita wakapike. Mwaka 2011, kabla haijamfikia Loretta, wakubwa waliifuta zamu hiyo, wakamgawia kila mmoja bata mzinga wa bure. Bata wa bure, mpishi kafungiwa ofisini. Hilo halijasahaulika, na lisisahaulike.

Mwaka huu Annika, binti pekee wa Loretta, amerudi kutoka Alaska baada ya miaka sita. Kesho anaondoka. Loretta aliomba atoke saa sita, Todd akakataa: "Nikimruhusu mmoja, wote watataka."

Saa nne Annika, aliyeachiwa jiko nyumbani, anapiga namba ya wateja. Simu za mkononi ni marufuku humu.

"Mama, bata ananuka karatasi iliyoungua."

"Ule mfuko wa karatasi wenye shingo na firigisi uliutoa tumboni mwake?"

"Mfuko gani?"

Verna anacheka hadi machozi. Loretta hacheki. Maelfu amewakumbusha mfuko huo, na tangu binti yake ana miaka saba hawajasimama jikoni pamoja siku hii.

"Utoe kwa koleo," anasema hatimaye. "Viazi usiviponde. Tutaviponda sote wawili."

"Si Todd amekukatalia?"

Loretta anawatazama wenzake tisa. "Amesema wote watataka. Basi tunataka."

"Dume lipokee simu lenyewe," anasema Verna.

Saa sita kasoro dakika tano, makoti kumi yametundikwa kwenye migongo ya viti, tayari.